Kuhesabu Hadi Thelathini

Mipira ya zamani niliichoma mimi. Hakuna aliyenituma.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, tarehe tisa Desemba 2007, nyumbani kwetu Kabazi. Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti chake cha magurudumu. Dada yangu Winrose alikuwa amewasha moto uani, anachemsha maji ya kuoshea viwele vya ng'ombe. Nilichukua ile mipira minne myekundu ambayo baba alikuwa akiitumia kutolea mkojo, nikaitupa motoni mmoja mmoja. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi.

"Usichome yote," baba alisema. "Bakisha hata mmoja. Kitu cha zamani ni akiba."

"Akiba ya homa, Baba."

"Hata hivyo."

"Wewe ngoja uone nilichokuletea."

Nikautupa wa nne.

Baba yangu, Kosgei, alichimba mawe meupe kule Kariandusi kwa miaka kumi na tisa. Ni mawe mepesi kama mkate uliokauka. Husagwa yakawa unga, na unga huo huenda viwandani kuchujia vinywaji. Mwisho wa mwezi alirudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi kope, na mama, alipokuwa hai, alimzuia mlangoni akimwambia asiingie mpaka atambulike. Mwaka wa 2005 dari la handaki lilishuka likamkuta ameinama. Alitolewa akiwa hai, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini mwili ulikuwa mgeni kwake. Hakusikia moto, hakusikia baridi, hakusikia kibofu kikijaa. Kibofu chenyewe kilisahau kufunguka. Mara nne kwa siku ilibidi mpira uingizwe mkojo utoke, la sivyo figo zingeharibika.

Sista Wangare, muuguzi wa zahanati yetu, ndiye aliyetufundisha. Chemsha mpira, uanike, upake mafuta, uingize polepole. Jeli ya hospitali ilikosekana karibu kila mwezi, kwa hiyo tulipaka mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe zisipasuke. Mpira ulikuwa mgumu, wa kukwaruza. Kila baada ya wiki chache tuliona damu, kisha homa, kisha baba akatetemeka mpaka kitanda kikalia.

Na hapo ndipo aibu ilipoingilia. Kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa baba yake. Jambo hilo halijaandikwa popote na halihitaji kuandikwa. Siku za homa, mikono yake ilipomshinda, nililazimika kuingia nyuma ya pazia kumsaidia. Yeye aliutazama ukuta wa kulia, mimi wa kushoto, na hatukuweza kunywa chai pamoja mpaka kesho yake. Baba hakuwahi kuililia miguu yake. Alichomwomba Mungu ni kimoja tu: ajifanyie jambo lile kwa mkono wake mwenyewe mpaka siku ya kufa.

Basi nilipopata kitu cha kumpa hilo, nilijiona mwanamume.

Nilikuwa mtu wa stoo katika duka la Balwant mjini Nakuru. Tuliuza vifaa vya hospitali: glavu, sindano, magongo, bandeji. Mwezi wa Novemba binti yake Unnati alirudi likizo kutoka Uingereza, ambako alifanya kazi katika maabara ya utando, ule unaopakwa juu ya vifaa vinavyoingia mwilini ili visikwaruze na mwili usivikatae. Alikuja na maboksi matatu ya mipira, baba yake ajaribu kama itapata soko. Balwant alipomweleza habari za mzee wangu, Unnati aliniita kaunta.

"Wewe Ngetich, kuja. Shika hii."

Nikashika. Ulikuwa mpira mwembamba, wa kung'aa, mkavu kama plastiki yoyote.

"Sasa tia kwa maji. Hesabu mpaka thelathini."

"Mimi nihesabu?"

"Eh, wewe. Shule ulienda ama hukuenda?"

Balwant alicheka huko kwenye dawati lake mpaka kilemba kikatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa na alama ya A ya Kiswahili na nilikuwa nabeba katoni kwa sababu karo ya chuo ilienda na mgongo wa baba. Nikahesabu kwa sauti, kwa hasira. Nilipoutoa mpira kwenye glasi, uliniponyoka vidoleni ukaanguka sakafuni. Nikauokota, ukaniponyoka tena. Uliteleza kama ndama aliyezaliwa sasa hivi.

"Umeona?" Unnati alisema, na uso wake ulifurahi kama wa mtoto. "Hiyo ngozi ya juu inakunywa maji. Inashika maji, haiachi. Mwili unafikiri ni maji tu inapita. Hapana kukwaruza, hapana damu."

"Mafuta je?"

"Mafuta ya nini? Maji safi tu, basi. Halafu sikia. Mpira moja, mara moja, tupa. Umesikia? Moja, mara moja. Usione imebaki mzuri ukaweka. Hata usichemshe, kwa sababu—"

"Nimesikia."

"Hapana, ngoja nikuambie kwa nini—"

"Madam, nimesikia. Mimi si mtoto."

Alinitazama kidogo, kisha akainua mabega. "Sawa, boss."

Balwant akasema kwa Kipunjabi jambo ambalo sikulielewa, nami nikalichukua boksi la kwanza nikaondoka nimenyoosha shingo.

Siku ile ya kuchoma mipira, baba aliniomba bakuli la maji yaliyochemshwa yakapoa. Akautumbukiza mpira mpya. Nikamwambia ahesabu hadi thelathini, akahesabu kwa sauti ile ya mgodini, nzito, ya mtu anayehesabu mapigo ya sururu. Kisha akauinua, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, na akatabasamu.

"Hii ni Kariandusi," alisema.

"Vipi, Baba?"

"Lile jiwe letu. Ukililamba likiwa kavu linang'ang'ania ulimi mpaka uuvute. Likilowa, sakafu nzima ya handaki inateleza, unatembea kama mlevi. Jiwe linakunywa maji. Na hii inakunywa." Akautazama tena. "Ila ukavu wake siutaki."

Aliingia nyuma ya pazia peke yake. Winrose na mimi tulikaa uani tukijifanya tunaongea habari za maziwa. Dakika chache baadaye tulisikia mkojo ukilia ndani ya ndoo, mfululizo, bila mtu kuitwa kusaidia, na baba akapaza sauti: "Winrose! Chai iko wapi?" Winrose aliufunika uso wake kwa kanga akalia. Siku hiyo tulikunywa chai pamoja, mimi na baba, birika nzima.

Tangu siku hiyo mara nne kwa siku tulisikia hesabu ikitoka nyuma ya pazia. Moja, mbili, tatu. Homa haikurudi. Baba alinenepa shingo. Alianza kutoka hadi kwenye lango kusalimiana na wapita njia.

Alasiri ya Jumapili ile ya kuchoma mipira kulikuwa na mkutano wa kampeni sokoni. Nilikuwa na sifa ya kutunga. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Vina na mizani nilivijifunza kwa sikio, redio ikiwa begani na jembe mkononi. Wakanipa kipaza sauti. Nilikuwa na beti sita za shamba na magugu. Sitaziandika hapa. Kila mtu pale sokoni alijua magugu ni majirani wa kabila gani, na mimi nilijua kwamba wanajua. Vijana walininyanyua mabegani. Kutoka kule juu nilimwona sista Wangare, wa kabila hilo, amesimama na mfuko wa nyanya. Alikuwa amewazalisha nusu ya akina mama wa kijiji. Hakupiga makofi. Aliniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa asiyetaka kusema panapouma, kisha akageuka akaenda zake.

Nilirudi kazini, nikaja tena mkesha wa Krismasi na boksi la pili. Mipira sitini, mara nne kwa siku, siku kumi na tano. Boksi la tatu lilinisubiri dukani; ningelileta Januari tarehe mbili. Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri.

Tulipiga kura tarehe ishirini na saba. Tarehe thelathini jioni matokeo yalitangazwa, na kabla ya Mwaka Mpya barabara ya kwenda Nakuru ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Tarehe mosi sista Wangare aliondoka na watoto wake ndani ya lori, godoro moja na sufuria. Sikwenda kumuaga. Tarehe tatu zahanati ilichomwa. Moshi niliuona nikiwa zizini. Nilijiambia kwamba beti hazina kiberiti.

Boksi likapungua. Tarehe tano Januari ilibaki mipira kumi na miwili. Simu ya dukani haikushikwa, kadi za salio ziliadimika kama sukari, na kila siku watu walisema barabara itafunguliwa kesho. Nikaamua kubana. Nilimwambia baba asitupe tena mipira aliyotumia, aiweke kwenye bakuli.

"Yule msichana wa Balwant alisema nini?" aliuliza.

"Alisema mara moja. Lakini hao ni watu wa kutupa, Baba. Huko wanatupa hata viti."

"Hakusema kwa nini?"

"Alitaka kusema."

Baba alinitazama.

Nilifanya kama tulivyofundishwa zamani. Nilichemsha ile mipira kwa dakika kumi, nikaianika kwenye waya juu ya jiko, ikakauka. Ilionekana safi. Sehemu nyingine ilikuwa imepauka, na nilipopitisha kidole niliona ukungu mwembamba ukibanduka kama ngozi ya kitunguu, nikaufuta nikidhani ni chokaa ya maji. Baba alipoutia wa kwanza ndani ya maji na kuhesabu, haukuteleza kama ulivyozoea. Nikampa kopo la mafuta ya kukamulia. "Paka," nilisema, "itakuwa sawa."

Kutoka nyuma ya pazia nilimsikia akihesabu, akanyamaza, akaanza tena.

"Baba, kuna shida?"

"Hakuna. Mpira unasitasita kidogo."

"Ongeza mafuta."

"Kijana, hili ni jiwe kavu."

"Ongeza mafuta tu, Baba."

Akaongeza. Alikuwa ananiamini, na mimi nilikuwa ndiye niliyemletea furaha ile. Hakusikia maumivu, kwa kuwa huko chini alikuwa amekufa ganzi. Alichokuwa nacho ni mkono wake tu kumweleza kinachotokea ndani, na mkono ulimweleza. Lakini kusema wazi kwamba mpira umekataa kulimaanisha mimi niingie nyuma ya pazia. Kwa hiyo alinyamaza. Alianza kuomba maji mengi ya kusuuzia ndoo. Winrose alimpelekea bila kuuliza. Aliyamwaga mwenyewe dirishani, kwenye migomba.

Winrose ndiye aliyegundua, tarehe kumi na nne, alipokwenda kukata majani ya mgomba. Alirudi amekishika kimoja, kina matone ya hudhurungi.

"Ngetich, hii ni nini?"

Niliingia ndani. Baba alikuwa amejifunika mablanketi mawili saa tatu asubuhi, jua likiwaka. Nikamgusa paji la uso.

"Tangu lini?"

"Siku chache."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungesikitika," alisema. "Ulikuwa umefurahi sana."

Nilikuwa na namba ya sista Wangare. Nilikuwa nayo siku zote, tangu 2005. Niliitazama siku nzima ya tarehe kumi na nne na nusu ya kumi na tano. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: siku moja na nusu. Niliogopa sauti yake kuliko nilivyoiogopa homa ya baba. Hatimaye jirani aliniuzia salio la shilingi kumi kwa hamsini, nikapanda kilimani penye mtandao.

"Halo, nani?"

Nyuma yake watoto walikuwa wakilia, wengi.

"Ni mimi, sista. Ngetich. Wa mzee Kosgei."

"Yule wa magugu."

"Ndiyo, sista."

"Mzee ana nini?"

Hakungoja hata pumzi moja kati ya jambo hilo na lile.

"Homa siku ya nne. Mkojo una damu."

"Mipira yangu umeichemsha vizuri?"

"Niliichoma."

"Uli... nini?"

"Nilileta mipya, ya utando. Imekwisha. Nikaichemsha ile iliyotumika."

"Na mafuta ukapaka."

"Nikapaka."

Nilimsikia akivuta hewa. "Sikiza. Usiingize tena hata mmoja wa hiyo. Anahitaji sindano leo, si kesho. Nenda zahanati, chumba cha nyuma, droo ya chini kuna mipira mitatu mipya kwa karatasi. Dawa ziko kwa kabati. Vunja kufuli, sema ni mimi nimesema."

"Sista, zahanati haiko."

"Haiko vipi?"

"Ilichomwa."

"Na kabati?"

"Yote."

"Ni nani?"

Niliwajua. Wawili kati yao ndio walionibeba mabegani sokoni.

"Basi mfikishe hospitali ya Subukia," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka ghafla. "Kwa punda, kwa mgongo, sijui. Mfikishe."

"Sista, mimi—"

"Usiniombe msamaha na salio la bob kumi. Kimbia."

Simu ikakatika.

Tulimlaza baba kwenye mkokoteni wa punda ule wa kubebea maziwa, juu ya godoro, Winrose akishika mwavuli juu ya kichwa chake. Usiku barabara haikupitika, kwa hiyo tuliondoka saa tatu asubuhi ya tarehe kumi na sita. Baba alikuwa anaweweseka, lakini kwa utaratibu. Alikuwa akihesabu. Moja, mbili, tatu, hadi thelathini, kisha akaanza tena, kama mtu anayengoja kitu kilowe.

Kwenye mteremko, vijana walikuwa wameziba barabara kwa gogo. Niliwajua wote kwa majina.

"Oyaa! Ngetich wa beti!" mmoja alipiga kelele. "Hapa hupiti bila kulipa, msee. Tupe moja ya magugu!"

"Kipketer, fungua. Nina mgonjwa."

"Sisi sote ni wagonjwa! Moja tu, boss. Ile ya jembe, ile tamu."

Wakacheka, wakaanza kuniimbia wao wenyewe. Walizikumbuka beti zangu zote, kila kina mahali pake. Walizisema vizuri kuliko nilivyozisema mimi, na baba chini ya mwavuli alikuwa akihesabu katikati yao. Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Baba yangu anakufa," nilisema.

Kipketer alikuja akachungulia chini ya mwavuli. Kicheko kikamtoka usoni. "Ni mzee Kosgei? Si useme!" Wakalivuta gogo. Mmoja alivua koti lake akamfunika nalo. "Lakini ukivuka mto," Kipketer aliniambia kwa sauti ya chini, "kuna kizuizi cha wale wengine. Na wao wanakujua. Mistari yako imefika huko."

Tulienda mpaka tukaliona daraja. Ng'ambo yake watu walikuwa wamesimama na mapanga. Winrose aliushika mkono wangu ulioshika kamba.

"Wewe baki hapa," alisema. "Mimi nitaenda naye. Mimi sijasema kitu."

Hayo ndiyo maneno pekee makali aliyowahi kuniambia kuhusu jambo hilo. Nilimwachia kamba. Alikuwa amepiga hatua labda ishirini, amenyoosha mkono mmoja juu na kitambaa cheupe, nami nilikuwa nimesimama nikiisikiliza sauti ya baba ikienda mbali nami. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba.

Nilisubiri kumi na nane.

Punda alisimama kwa sababu Winrose alisimama. Wale wa ng'ambo walitazama muda, kisha mzee mmoja kati yao alivua kofia.

Tulimzika siku ya tatu, nyuma ya migomba. Kumwosha ni kazi ambayo kwetu hafanyi mwana. Wazee wawili walifanya. Mimi nilisimama nje ya pazia.

Barabara ilipotulia, mwishoni mwa Februari, nilirudi Nakuru. Mtaa mzima ulikuwa na milango ya mabati iliyoungua, lakini duka la Balwant lilikuwa zima. Unnati alikuwa bado hajaondoka. Safari yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Boksi la tatu lilikuwa juu ya kaunta, limeandikwa jina langu kwa kalamu ya bluu.

"Ngetich! Umekawia. Mzee anaendelea aje?"

Nilimweleza. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Balwant alitoka kwenye dawati lake, akaniwekea mkono begani, akauacha hapo.

"Ulichemsha," Unnati alisema polepole. Haikuwa lawama. Alikuwa kama mtu anayeweka kitu kizito chini.

"Siku ile ulitaka kuniambia kwa nini. Niambie sasa."

"Sasa itasaidia nini?"

"Niambie tu."

Alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Kwa sababu ukichemsha, ile ngozi inachubuka, na yenye inabaki, ikikauka ndani, inanata kwa nyama, ukivuta, inatoka na nyama."

Nilingoja aendelee. Hakuwa na zaidi. Ilikuwa sentensi moja. Ningeweza kuisikia yote mlangoni, na boksi likiwa kwapani, na bado ningewahi gari la kwenda nyumbani.

Nikalibeba lile boksi hadi uwanja wa maonyesho, ambako watu waliofukuzwa mashambani walikuwa wamepangwa kwenye mahema meupe. Nilimtafuta sista Wangare saa nzima. Nilimkuta chini ya turubai, amefunga leso kichwani, anamfunga mtoto bandeji. Aliliona boksi kabla ya kuniona mimi.

"Sindano alipata?" aliuliza.

"Hatukufika."

Alimaliza bandeji. Akaifunga fundo, akaikata kwa meno, akamwambia mtoto aende. "Alikuwa mtu wa heshima," alisema. "Aliniletea maziwa kila Jumamosi kabla ya kuumia, na hakuwahi kuniuliza nimetoka wapi."

Nilikuwa nimekuja na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, na yalikuwa mazuri, na niliposimama mbele yake niliona kwamba uzuri wake ndio ubaya wake. Nikasema, "Niliyoyasema sokoni, nilijua ninachosema." Basi.

"Najua ulijua," alijibu. Hakuniambia amenisamehe. Aliinua kidole akanionyesha hema la tatu. "Pale kuna mzee kutoka upande wa Molo. Nyumba ilimwangukia ikiungua. Mgongo. Nimekuwa nikimpa mpira mmoja wiki nzima. Mpelekee wewe. Mimi mikono imejaa."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye unajua kuongea?"

Mzee alikuwa amelala kwenye kadibodi, mwembamba, mwenye macho makali. Mke wake alikuwa ameketi miguuni pake. Walipolisikia jina langu waliangaliana. Niliomba kikombe cha maji yaliyochemshwa. Nikauchana mfuko wa karatasi, nikautumbukiza mpira, nikahesabu. Sauti yangu ilikataa kwenye kumi na saba, nikakohoa, nikaendelea. Nikampa aushike. Ukamponyoka, akashangaa.

"Maji tu," nilimwambia. "Usipake mafuta. Mmoja, mara moja, halafu utupe, hata ukiuona mzuri. Usichemshe—"

"Nimesikia, kijana," alisema, akigeuza uso. Hakupenda kufundishwa na mimi, na alikuwa na haki. "Nimesikia. Mimi si mtoto."

Nilipiga magoti kando ya ile kadibodi.

"Hapana, mzee. Tafadhali," nilisema. "Ngoja nimalize."